Mshale wa mizani yangu haukuanzia kwenye sifuri

Mhariri,

Wiki kadhaa zilizopita msomaji wenu mmoja aliandika kwa uchungu kuhusu viongozi wa makanisa wanaoanguka katika dhambi, akasema kwamba Mkristo aliyeokoka akishaanguka hana tena la kuwafundisha wenzake, na kwamba akae kimya viti vya nyuma mpaka Mungu amwite. Baadaye mwingine akamjibu kwa msemo ambao sote tumeuzoea, kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, akatutaka tusahau yaliyopita na tusonge mbele. Naomba nafasi niwajibu wote wawili. Mmoja amezungumza juu ya aliyeanguka na mwingine juu ya neema ya Mungu, lakini hakuna hata mmoja aliyewataja waliokosewa, na mimi nimejifunza, kwa gharama ambayo nitaieleza, kwamba hao ndio mlango ambao kosa hupitia ili limkuze mtu au limharibu.

Mimi ni mnunuzi wa nafaka hapa Busia, upande wa Uganda, na kwa miaka kumi na moja nilikuwa mzee wa kanisa. Wakulima wa vijiji vya huku huniletea mahindi kwa baiskeli, kwa bodaboda na kichwani. Mimi huyapima, hulipa taslimu, huyaanika kwenye turubai yakiwa mabichi, kisha huyauza kwa wenye malori wanaovuka kwenda Kenya. Chombo cha kazi hii ni mizani ya kuning'iniza, yenye uso wa duara kama wa saa, kulabu chini na skrubu ndogo ubavuni inayorekebisha mshale urudi kwenye sifuri. Mkulima huangalia mahali mshale unapoishia. Ni wachache mno wanaoangalia mahali ulipoanzia.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka. Zuio lile lililegezwa baada ya siku chache tu, kwa masharti ya vyeti na vipimo, lakini mimi nilikuwa na shehena iliyokwama, mahindi yakapata joto chini ya turubai, na hasara ile ikala zaidi ya nusu ya mtaji wangu. Msimu uliofuata, asubuhi moja kabla ya wateja kufika, nilichukua bisibisi nikaizungusha ile skrubu mpaka mshale ukakaa kilo tatu nyuma ya sifuri. Sikujiambia kwamba ninaiba. Nilijiambia kwamba mahindi mabichi hupungua uzito yakikauka, jambo ambalo ni kweli, na kwamba wanunuzi wenzangu wote hufanya hivyo, jambo ambalo lilikuwa karibu na kweli. Yeyote aliyekwisha kuanguka anaifahamu lugha hii ya moyoni: haisemi uongo mtupu, huchukua kweli mbili ndogo ikazisimamisha mbele ya uongo mmoja mkubwa ili usionekane. Mizani ilikuwa imekwisha kaguliwa mwaka ule na kubandikwa stika yake. Nilihakikisha stika inaonekana vizuri.

Nilipima hivyo kwa misimu mitatu. Jumapili nilikuwa nikishika kikapu cha sadaka.

Mwaka 2022 kanisa letu lilikuwa linajenga, na kwa kuwa stoo yangu ina mlango wa chuma, kamati ya ujenzi iliniomba niihifadhi saruji. Shule zilikuwa zimefunguliwa Januari mwaka ule baada ya kufungwa karibu miaka miwili, na binti yangu, aliyekuwa darasa la tano, alikuwa amepewa zoezi la kupima uzito wa vitu vya nyumbani na kuandika matokeo daftarini. Alipima debe la maji, akapima mkungu wa matoke, kisha akamwomba mbebaji mmoja amnyanyulie mfuko wa saruji, ambao ulikuwa haujafunguliwa, wenye maandishi makubwa ya kilo 50. Mshale ukasimama kwenye 47. Akapima wa pili, 47. Akaja mbio nilipokuwa nimeketi na wajumbe wawili wa kamati, akasema kwa furaha ya mtoto aliyegundua jambo, "Baba, duka limeiba saruji ya kanisa!"

Mhariri, hapo ndipo ninapotaka wasomaji wako waangalie kwa makini, kwa maana kosa langu la kwanza lilikuwa la mizani, lakini la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, na nililifanya kwa kunyamaza tu. Wajumbe wale waliinuka, wakapima wenyewe mifuko mitano, wakakasirika kwa wivu wa nyumba ya Mungu. Mwenye duka ni Hajji mmoja wa makamo, ambaye alikuwa ametupunguzia bei kwa hiari yake aliposikia kwamba saruji ni ya kanisa. Ndani ya saa moja maneno yalikuwa yamefika sokoni kwamba Hajji anawaibia Wakristo. Na mimi, niliyekuwa na uwezo wa kuyazima maneno yale kwa sentensi moja, nilisema, "Tusiwe na haraka, tumwite kwanza," na nikajiona nimekuwa mtu wa hekima na busara.

Hajji alikuja jioni ile ile. Hakupandisha sauti. Aliingia stoo, akauangalia mfuko ukiwa bado unaning'inia, akaomba ushushwe, kisha akaitazama mizani ikiwa tupu. Akaitazama kwa muda mrefu. Halafu akanigeukia, akanitazama mimi, na ninaapa kwamba hapakuwa na hasira usoni mwake. Akawaambia wajumbe, "Kesho nitaleta mifuko mingine, msigombane," akaaga, akaenda zake. Alikuwa ameona kila kitu, akachagua kunisitiri mbele ya watu wangu kwa gharama ya jina lake mwenyewe. Tangu siku ile kila ninaposoma katika Injili ya Luka kwamba jogoo alipowika Bwana aligeuka akamtazama Petro, uso ninaouona ni wa Mwislamu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na sioni sababu ya kuwaomba radhi Wakristo wenzangu kwa hilo.

Nilivumilia siku tisa. Katika siku hizo nilirudisha skrubu mahali pake nikajiambia kwamba jambo limekwisha, kwa kuwa sitarudia, na kosa ni kurudia kosa. Huo ndio udhaifu wa msemo ule, na ndiyo sababu siwezi kuuacha upite bila kuujibu. Nilikuwa sirudii. Hajji alikuwa bado ni mwizi sokoni, wajane walikuwa bado wamepunjwa, na mimi nilikuwa safi kwa kipimo nilichojiwekea mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Mithali 28:13 inasema, "Afichaye dhambi zake hatafanikiwa, bali yeye aziungamaye na kuziacha atapata rehema." Angalia kwamba kuungama kumetangulia kuacha. Mimi nilikuwa nimeliruka neno la kwanza nikashika la pili, na usingizi ukanikataa.

Siku ya kumi nilikwenda kwa mchungaji. Alinisikiliza, akalia pamoja nami, akaniombea, kisha akanishauri, kwa nia njema kabisa, kwamba jambo hili tuliache kati yetu na Mungu, kwa sababu likitoka nje ujenzi utasimama na watu dhaifu watakwazika. Nikiri kwamba nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikala chakula kizuri. Lakini usiku ule nilifungua Mathayo 27, na sijui kwa nini macho yangu yalikwenda huko, nikasoma habari za Yuda kana kwamba sijawahi kuzisoma. Yuda alijuta. Yuda aliungama kwa kinywa chake kwamba amekosa kwa kuisaliti damu isiyo na hatia. Yuda alirudisha vile vipande thelathini vya fedha, vyote. Tunahubiri kila mwaka kwamba Petro alitubu na Yuda hakutubu, lakini tukiisoma sura ile polepole tunaona kwamba Yuda alifanya mengi kati ya yale tunayowaambia watu wafanye. Alichokosa ni mahali pa kupokelewa. Alikwenda kwa makuhani, nao wakamjibu kwamba hayo hayawahusu, ayaangalie mwenyewe. Petro, naye, alibaki karibu na wenzake, na Yesu, aliyekosewa naye, akamfuata mpaka ufukweni. Mimi si mwanatheolojia, na walimu wa Biblia watanirekebisha panapostahili, lakini tangu usiku ule siwezi kuisoma hukumu ya Yuda bila kuwaona na wale makuhani waliosimama mlangoni. Kanisa linalomwambia mtu "yaangalie mwenyewe na Mungu wako", hata likisema kwa upole na kwa maombi, linaweza kuwa linarudia jibu lile.

Kwa hiyo nilirudi kwa mchungaji, nikamwomba ruhusa ya kusimama Jumapili. Kabla ya hapo nilikwenda dukani kwa Hajji, kwa maana yule ndiye niliyemkosea karibuni zaidi na kwa makusudi zaidi. Nilijaribu kupiga magoti akanishika mkono. Alisema, "Mzee, usinipigie mimi magoti. Nenda ukawaambie wale wawili wa kamati." Nikawaambia. Jumapili nikaliambia kanisa zima, nikiwa nimeishika mizani ile mkononi, kwa sababu nilijua nikisimama mikono mitupu nitaanza kuzungumza juu ya "udhaifu" na "majaribu ya adui" badala ya kusema kilo tatu. Niliondolewa katika uzee wa kanisa siku ile ile, na kwa miezi sita sikushiriki Meza ya Bwana. Hapo ninakubaliana na msomaji wa kwanza: cheo si haki ya mtu aliyeanguka, na anayetubu huku akikishikilia kiti chake bado hajamaliza kutubu. Sikuomba kurudishiwa, na mpaka leo sijarudishiwa.

Nilichofanya si jambo jipya katika nchi hii, ingawa vijana wengi hawajui. Mwaka 1929, kule Namirembe mjini Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akihudumu Gahini nchini Rwanda, walikutana wakasoma Maandiko na kuomba pamoja, na katika miaka ya 1930 uamsho uliotokana na watu kama hao ulienea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu waliwaita Balokole, yaani waliookoka. Kilichowatambulisha hakikuwa kelele wala miujiza, bali kile walichokiita kutembea nuruni, wakifuata Waraka wa Kwanza wa Yohana 1:7: walikutana kila wiki na kusema mbele ya ndugu zao dhambi walizotenda, na waliokuwa wameiba walirudisha mali, na waliokuwa na madeni waliyalipa, hata pale ambapo hakuna aliyekuwa amewashtaki. Baba yangu alinisimulia kuhusu mzee mmoja kijijini kwetu aliyetembea siku nzima kurudisha jembe. Balokole nao walikuwa na upungufu wao, kwa maana ushuhuda ukikaa vibaya hugeuka kuwa ukaguzi, ndugu akamkagua ndugu kama askari wa forodha, lakini walikuwa wamelishika jambo moja ambalo sisi wajukuu wao tumeliachia.

Tumeliachia namna hii. Siku hizi ushuhuda tunaousikia kanisani ni wa dhambi za zamani, zilizotendwa kabla ya mtu kuokoka. "Nilikuwa mlevi, nilikuwa mchawi, nilikuwa mzinzi, Yesu akanitoa." Sisemi kwamba si kweli, na ninamshukuru Mungu kwa kila mmoja. Lakini ni miaka mingapi sasa tangu umsikie mtu akisimama akasema, "Jumanne iliyopita nilimdanganya mteja"? Dhambi ya zamani ni salama. Imekwisha kuoshwa, kupigwa pasi na kukunjwa. Dhambi ya Jumanne bado ina harufu, ina majina ya watu, na wengine wao wamekaa benchi la tatu. Ni hiyo ndiyo inayomkuza Mkristo ikiletwa nuruni, kwa sababu ndiyo inayoonyesha yeye ni nani leo, na Mungu hawezi kumponya mtu ambaye alikwisha kuacha kuwa yeye.

Nirudi kwa wakulima. Mimi huandika kila ununuzi katika daftari, tabia niliyofundishwa na marehemu mama yangu, na daftari lile ambalo nilikuwa nimelitunza kwa ajili ya faida likawa shahidi dhidi yangu. Kwa misimu mitatu nilikuwa nimenunua magunia 640 kutoka kwa watu 83. Kilo tatu kwa kila gunia, kwa bei ya wastani ya shilingi 800 kwa kilo, ni shilingi 1,536,000. Nilijiuliza nirudishe kiasi gani. Zakayo aliahidi mara nne, na sitaki kujisifu, uwezo huo sikuwa nao. Lakini Mambo ya Walawi sura ya 6 inasema kwamba aliyemdhulumu jirani yake arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake, na kwamba amrudishie mwenyewe kabla ya kuleta sadaka yake ya hatia kwa Bwana. Utaratibu huo ndio Yesu anaourudia katika Mathayo 5, anaposema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Sehemu ya tano ilikuwa shilingi 307,200, jumla ikawa 1,843,200. Niliuza pikipiki.

Ilinichukua karibu miezi minne kuwafikia watu wote. Watatu walikuwa wamefariki, nikawapa watoto wao. Kijana mmoja alinitukana mbele ya mke wake, na alikuwa na haki. Wengi walipokea fedha bila neno, wakazihesabu, wakaziweka mfukoni, na ninafikiri hao ndio walionifundisha zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimekwenda nikitarajia kusamehewa kwa machozi na kukumbatiwa, nikagundua kwamba nilikuwa bado nataka kulipwa kitu kwa toba yangu.

Mmoja sitamsahau. Ni mama mkongwe anayeishi karibu na ziwa, ambaye alikuwa akiniletea magunia mawili kila msimu. Nilimkuta amekaa mkekani akipukuchua mahindi, nikamweleza, nikamwekea fedha zake mbele yake. Alinyamaza, akaendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha, kisha akaanza kucheka, kicheko cha kutikisa mabega. "Mwanangu," akasema, "na mimi nilikuwa nakuwekea mabichi katikati ya gunia. Makavu juu, makavu chini, mabichi katikati. Nilisema kichwani mwangu, huyu mizani yake inakula, wacha na gunia langu lile." Tulicheka wote wawili mpaka mjukuu wake akatoka nyumbani kuangalia kuna nini. Halafu akanyamaza ghafla, akazigawa zile fedha mafungu mawili, akanirudishia moja. Sikutaka kulipokea. Akaniambia nisimnyime na yeye nafasi ya kurudisha. Mhariri, nimehudhuria mikutano ya injili yenye vipaza sauti vinavyosikika mpaka ng'ambo ya mpaka, lakini sijawahi kuona nuru ikiingia mahali kama ilivyoingia kwenye mkeka ule.

Lipo deni jingine ambalo halikuwa daftarini. Miaka michache kabla ya hayo, binti mmoja wa kwaya alipata mimba nje ya ndoa, na katika kikao cha wazee mimi ndiye niliyezungumza kwa ukali kuliko wote. Nilitaka atengwe mbele ya watu, akae benchi la nyuma, liwe funzo kwa wengine. Alikaa pale miezi mingi, akiingia baada ya wimbo wa kwanza na kutoka kabla ya baraka. Baada ya kusimama na mizani yangu, benchi lile likawa langu, na hapo nilijua ni baridi kiasi gani, maana mlango uko nyuma yako na kila anayechelewa anakuona kwanza. Nilimtafuta. Alikuwa amehamia Tororo, anauza nguo za mitumba, na ana mtoto mzuri wa kiume. Nilimwomba msamaha. Alinijibu kwamba alikwisha kunisamehe zamani, lakini kanisani hatarudi, na kwamba nisimwombe hilo. Sikumwomba. Yako makosa ambayo mtu hukua kwa kuyatubu huku aliyekosewa akibaki na kovu lake, na tukilisahau hilo tutakuwa tumekugeuza kukua kwetu kuwa faida nyingine tunayoivuna kwa mahindi ya wenzetu.

Ndiyo maana naogopa maneno mepesi kuhusu kukua kwa kupitia makosa. Kosa lenyewe halikuzi mtu. Kama lingekuwa linakuza, wanunuzi wa nafaka tungekuwa watakatifu wote. Paulo alilileta swali hilo mwenyewe mapema, kama tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi, akajibu kwa neno moja, "Hasha!" Kiswahili chetu chenyewe kinatusaidia hapa, kwa kuwa kukosa ni kutenda vibaya, na pia ni kupungukiwa. Aliyekosa amekosa kitu. Mimi nilikuwa nimekosa kilo tatu za ukweli katika kila gunia, na hakuna maombi ambayo yangezijaza bila kuzirudisha.

Lakini Mungu hatuachi katika upungufu ule, na namna anavyoturudia inashangaza. Wanaosoma Agano Jipya katika Kiyunani wanatuambia kwamba moto wa makaa umetajwa mara mbili tu humo, na mara zote mbili ni katika Injili ya Yohana. Wa kwanza uko sura ya 18, katika ua wa Kuhani Mkuu, ambapo Petro alisimama akiota moto na kumkana Bwana wake. Wa pili uko sura ya 21, ufukweni, Yesu mwenyewe akiwa ameuwasha na kuweka samaki juu yake. Sisi watu wa huku tunaujua moshi wa makaa. Ukiingia katika shati haukutoki mpaka lifuliwe, na harufu yake hukurudisha papo hapo mahali ulipousikia mara ya mwisho. Bwana hakumchukua Petro mahali papya pasipo kumbukumbu. Alimrudisha kwenye moto, akamuuliza mara tatu swali moja, mara tatu kama alivyokana, ikamhuzunisha, kisha kila mara akampa kazi: lisha kondoo zangu. Hakumwambia asahau.

Marehemu Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyelazimika kukimbia nchi mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa tarehe 16 Februari, alisimulia jambo linalofanana na hili. Alikuwa uhamishoni, mtu aliyedhulumiwa, mwenye kila sababu ya kukasirika, na bado alikiri kwamba chuki yake dhidi ya Idi Amin, aliyekuwa mtawala wa nchi, ilikuwa inamkausha rohoni, kwamba ilikuwa dhambi yake mwenyewe, na kwamba alipaswa kuitubu kabla ya kumhubiria yeyote. Hakuna ambaye angemlaumu kama angeinyamazia. Aliitaja hadharani, na wengi wetu tulimsikiliza zaidi baada ya hapo kuliko kabla.

Kwa sababu hiyo siwezi kukubali kwamba aliyeanguka hana la kufundisha. Naomba tu asifundishe akiwa juu ya kiti. Na kwa makanisa yetu nina ombi: tuwe na mahali, iwe ni ushirika mdogo wa jioni au chumba cha mchungaji, ambapo mtu anaweza kuleta dhambi ya Jumanne, akasikilizwa bila kushangiliwa wala kusagwa, kisha akaulizwa swali la wazi, "Umemkosea nani, na utamrudishia lini?" Jirani yangu Mkatoliki hunitania kwamba wao wana kitubio, na padre huwapa malipizi, na kwamba sisi Waprotestanti tulilitupa boga pamoja na maganda yake. Simjibu sana. Najua anasahau kwenda mpaka Pasaka ikaribie, lakini hoja yake si ya kutupwa.

Biashara yangu ilishuka kwa misimu miwili, si kwa sababu wakulima walinikimbia, bali kwa sababu wanunuzi wenzangu walikasirika kwamba nimewafundisha watu kuangalia mshale unapoanzia. Sasa imeanza kuinuka kidogo. Binti yangu yuko sekondari. Kati ya wote niliowaungamia, yeye ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote, kwa kuwa hakuuliza chochote kuhusu kilo tatu. Aliuliza, "Lakini Baba, mbona ulinyamaza walipomsema Hajji?" Nilimwambia kwamba niliogopa. Alifikiri kidogo, akasema kwamba yeye ndiye aliyesema kwanza, kwa hiyo angependa naye aende akamwombe radhi. Tulikwenda pamoja. Hajji alimpa soda.

Katika mlango wa stoo yangu pana jiwe lililofungwa kwa waya, lenye uzito wa kilo 20 kamili, lililopimwa mbele ya watu. Kila mkulima anaruhusiwa kulitundika kwenye mizani kabla ya gunia lake. Mwanzoni walikuwa wakilitundika wote. Sasa wengi hawajisumbui, na mimi huwalazimisha.

Jina langu mnalo, Mhariri. Nimeomba lisichapishwe, si kwa kujificha, maana Busia nzima wananijua na mizani ile wanaijua, bali kwa ajili ya binti yangu, ambaye wenzake shuleni hawana haja ya kulisoma gazetini.

Wako katika Kristo,
Mnunuzi wa nafaka,
Busia, Uganda